Kompyuta ya Upesi Zaidi: Haja au Tamaa?



Swali la leo laweza kuonekana dogo mbele ya shida nyingine za mji wetu. Lakini vijana wameniuliza mara nyingi baada ya mafundisho, na wazazi wao pia wameniuliza, kwa hiyo nimeona vema kulijibu kwa maandishi. Swali lenyewe ni hili: Mtu wa kawaida mwenye kompyuta inayofanya kazi bado, je, ana haja ya kutafuta nyingine yenye prosesa ya upesi zaidi?

Nikisema mtu wa kawaida, nawafikiri hawa: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo, mwalimu anayetayarisha mitihani, mama wa duka anayeweka hesabu za mali yake, karani wa parokia anayeandika vyeti vya Ubatizo na vya Ndoa, kijana wa ofisi ndogo ya kuchapa anayewaandikia majirani barua zao. Wahandisi wa migodi na watengenezaji wa filamu wana neno lao, nitalisema mbele.

Mtu asiseme, "Hili ni jambo la mafundi, dhamiri haimo." Fedha ya nyumba ikitoka, dhamiri imo. Katika nyumba nyingi za Kapata fedha haitoshi kwa mambo yote: unga, dawa, kodi, minervali ya shule. Kijana akija na kusema, "Baba, mashine hii imechoka, nataka mpya," baba hana budi kuchagua. Akikataa bila kujua sababu, labda amemnyima mwanawe chombo cha kazi. Akikubali bila kujua sababu, labda mdogo wake kijana huyo ndiye atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Huku na huku mtu aweza kudhulumiwa. Ndiyo maana yatupasa kwanza kuujua ukweli wa jambo, kisha kuhukumu.

HAJA NI NINI?

Neno "haja" twalitumia ovyo. Twasema, "Nina haja ya maji," na tena twasema, "Nina haja ya simu mpya," kana kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya tatu ya Summa yake, alitenga maana mbili. Kitu chaweza kuwa cha lazima kwa sababu bila hicho jambo haliwezekani kabisa, kama chakula kwa uhai wa mtu. Na kitu chaweza kuitwa cha lazima kwa sababu kwa hicho twafika vema na kwa urahisi zaidi, kama farasi kwa safari. Msafiri aweza kwenda kwa miguu, lakini farasi amfaa.

Prosesa ya upesi ni farasi, si chakula. Kusema hivyo si kuidharau. Mwenye safari ndefu asiye na farasi huchelewa, na kuchelewa kwaweza kumharibia kazi. Lakini farasi hupimwa kwa safari. Anayekwenda kisimani nyuma ya nyumba yake hana haja ya farasi, hata kama jirani amenunua. Na yule ambaye njia yake imekatwa na mto, farasi wa mbio hatamvusha. Anachohitaji ni daraja. Basi maswali yetu ni mawili: safari yetu ni ipi, na kinachotukawiza njiani ni nini?

PROSESA NA MAPIGO YAKE

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kinachotimiza amri za programu: jumlisha hiki, linganisha na kile, peleka huku, rudisha kule. Hufanya kazi kwa mapigo, kama wanawake wanaotwanga pamoja kwa mdundo mmoja. Mapigo hayo huhesabiwa kwa sekunde. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja, yaani miliari moja kama tusemavyo kwetu, katika sekunde moja.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iliyoitwa 4004. Ilikuwa na transista 2,300 tu, na mapigo yake hayakuzidi 740,000 kwa sekunde. Gordon Moore, mmoja wa walioanzisha Intel, alikuwa ameandika mwaka 1965 kwamba idadi ya transista katika chipi moja huongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alijisahihisha, akasema kila miaka miwili. Ikawa karibu hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Intel hiyo hiyo iliuza prosesa ya gigahezi 3.8. Hesabuni wenyewe: katika miaka 33 mapigo yalizidi mara 5,000. Siku zile mtu aliyekaa na mashine yake miaka mitano aliachwa nyuma kweli kweli, na aliyemwambia anunue prosesa ya upesi zaidi alimpa shauri jema.

Lakini mwaka ule ule wa 2004 Intel iliacha mpango wake wa kuuza prosesa ya gigahezi 4. Sababu ni joto. Kadiri mapigo yalivyozidi, ndivyo chipi ilivyochemka na kula umeme, hata haikufaa tena kuendelea kwa njia ile. Mwaka 2023 Intel ilitoa prosesa ya mezani inayofika gigahezi 6, nayo hufika huko kwa vipindi tu, ikiwa imepozwa vizuri. Miaka 33 ya kwanza ilizidisha mapigo mara 5,000. Miaka 19 iliyofuata haikuyazidisha hata mara mbili.

Nisiwadanganye. Prosesa ziliendelea kuwa bora kwa njia nyingine. Kila pigo moja lafanya kazi nyingi kuliko zamani, na kwa kazi ile ile umeme unaotumika ni kidogo zaidi. Tena, tangu mwaka 2005 mashine za watu wa kawaida zilianza kupewa viini viwili katika chipi moja, baadaye vinne, baadaye vinane na zaidi. Lakini viini vingi husaidia kazi inayogawanyika tu. Waite watu wanane waandike barua moja kwa kalamu moja: haitakwisha upesi mara nane. Saba watakaa kumtazama wa nane.

NANI ANAMNGOJA NANI?

Tutazame kazi ya mwanafunzi wetu. Mwandishi hodari hupiga kama herufi tano kwa sekunde. Kompyuta yake, tuseme ni ya zamani, ina gigahezi 2. Kati ya herufi moja na inayofuata prosesa hiyo imekwisha kupiga mapigo milioni 400. Ni kama mtumishi aliyesimama mlangoni mchana kutwa akingoja aagizwe. Ukimleta mtumishi mwenye mbio zaidi, atasimama mlangoni pale pale. Hesabu za duka, cheti cha Ubatizo, barua ya kuomba kazi, mtihani wa darasa la sita: katika kazi hizi zote prosesa ndiyo inayomngoja mtu.

Mbona basi mashine inakawia? Inakawia kweli, watu hawasemi uongo. Mtu awasha, aenda kuoga, arudi, bado haijawa tayari. Lakini ukawiaji huo mara nyingi watoka mahali pengine.

Kwanza, diski. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, ambayo huzunguka kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Kila mashine inapotafuta maandishi katika diski hiyo, kichwa cha kusomea hakina budi kusogea hadi mahali pake na kungoja sahani izunguke. Jambo hilo laweza kuchukua sehemu moja katika sehemu mia za sekunde. Kwetu ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa ya gigahezi 2 ni mapigo milioni 20 ya kukaa bure. Diski za siku hizi zisizozunguka huleta jibu upesi zaidi kwa mara mia hivi. Mtu akibadili diski tu, mara nyingi hudhani amepewa kompyuta nyingine.

Pili, memori. Hii ni meza ambayo prosesa hufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo na vitu vikawa vingi, mashine huanza kuvihamisha hadi diski na kuvirudisha, huku na huko. Fundi hodari kwenye meza finyu hupoteza siku nzima akipanga vyombo vyake.

Tatu, intaneti. Ukurasa unaongojewa kutoka mnara wa simu hautafika mapema kwa sababu prosesa ya mpokeaji ni kali.

Nne, vumbi na virusi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Kolwezi huingia kila mahali, na feni ya kompyuta ni mlango mmojawapo. Feni ikiziba, prosesa hupata joto, na ikipata joto hupunguza mapigo yenyewe ili isiungue. Mtu husema prosesa yake imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Virusi na programu zisizotakiwa nazo hula nguvu ya mashine kwa siri.

Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza kanuni ambayo kila mama wa nyumba aijua bila kwenda shule. Tuseme mama atumia saa mbili kutafuta maji na makala, na dakika kumi kusonga bukari. Mpe mwiko wa ajabu unaosonga kwa dakika tano. Amepata nini? Dakika tano tu katika saa mbili na dakika kumi. Ukitaka kumsaidia kweli, mletee maji karibu. Kuharakisha sehemu moja ya kazi kwafaa kwa kadiri ya ukubwa wa sehemu hiyo, wala si zaidi.

Basi, kabla ya kuhukumu, mtu apime. Kupima si kazi ngumu. Mashine yenye Windows inapokawia, bonyeza pamoja vidude vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha hufunguka, ambalo katika mashine zetu za Kifaransa laitwa Gestionnaire des tâches. Tazama mistari mitatu: prosesa, memori, diski. Prosesa ikiwa kumi kwa mia na diski mia kwa mia, umekwisha kumjua mkosaji. Memori ikiwa imejaa, umemjua pia. Ila ukiona siku baada ya siku, katika kazi zako za kweli, kwamba ni prosesa iliyojaa mia kwa mia huku mengine yakipumzika, hapo farasi wako amechoka kweli. Kwa kawaida, bei ya kuongeza memori na kubadili diski ni sehemu tu ya bei ya kompyuta mpya, na kupuliza vumbi ni karibu bure.

Niongeze jambo moja la kwetu. Mto Lualaba wazaa umeme karibu nasi, katika mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa katika miaka ya 1950, lakini umeme huo wakatika nyumbani mara nyingi. Kwa mtu wa Kapata betri inayodumu saa nne yaweza kuokoa kazi nyingi kuliko prosesa yoyote. Ajabu ni kwamba watangazaji wa bei huandika gigahezi kwa herufi kubwa, na juu ya betri hawasemi neno.

HAJA TUNAYOTENGENEZEWA

Yuko atakayenijibu: "Mwalimu, kazi yangu haikubadilika, lakini mashine ile ile iliyokuwa ya upesi miaka kumi iliyopita sasa yakawia." Asema kweli. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi, alilalamika kwamba programu zazidi kuwa nzito kwa upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Mwenye kuandika programu, akijua wanunuzi watapata prosesa kali, haoni sababu ya kubana matumizi. Mzigo waongezwa juu ya farasi kila mwaka, kisha mwenye farasi aambiwa kwamba mnyama wake ni dhaifu.

Jambo la Windows latuonyesha hayo waziwazi. Windows 10 ilitolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza kwa njia ya kawaida, yaani kuziba matundu ambayo wezi hupitia. Walitoa nafasi ya kuongezewa ulinzi hadi Oktoba 2026. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yahitaji kwa maandishi yao wenyewe prosesa ya gigahezi 1 tu yenye viini viwili, na memori ya gigabaiti 4. Mashine nyingi za zamani zapita kipimo hicho kwa mbali. Lakini zaidi ya hayo yatakiwa chombo cha usalama ndani ya mashine, na prosesa iwemo katika orodha yao, na kwa upande wa Intel orodha hiyo huanzia kwa sehemu kubwa katika prosesa zilizotoka tangu mwaka 2017. Kwa hiyo yuko mtu ambaye prosesa yake ina upesi wa kutosha kwa kazi yake na kwa kipimo cha Microsoft, na hata hivyo mlango umefungwa.

Je, huyu ana haja? Ana haja ya usalama. Hasa akiwa anatunza majina ya watu au fedha za wengine, hiyo ni haja ya kweli, wala si vema kuidharau. Lakini tuiite kwa jina lake. Hana haja ya upesi. Na haja ya usalama yaweza kupata jibu jingine: kuna Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo hutolewa bure na ambayo aina zake nyingine zatembea vizuri katika mashine za zamani, na kuna LibreOffice, bure pia, kwa barua na hesabu. Si kila mtu ataizoea, na programu nyingine hazipatikani humo. Lakini mtu asisukumwe kununua kabla hajaambiwa kwamba mlango huo upo.

WANAOIHITAJI KWELI

Sasa niwape haki yao wale niliowaacha. Mhandisi anayechora tabaka za mawe chini ya ardhi, mtu anayekata na kuunga picha za arusi, anayeandika programu kubwa, anayechora majumba kwa mashine: hawa prosesa yao hujaa mia kwa mia, nao hukaa wakiingoja. Saa zao ni mkate wao. Kumwambia mtu wa namna hii avumilie mashine dhaifu kwa jina la unyenyekevu ni kumwibia. Na kama ni kijana wa Kapata anayesomea kazi hizo, haja yake ni sawasawa na haja ya kijana wa Brussels, hata kama fedha yake si sawa.

Nalisema neno hilo kwa nguvu, maana wako watu wanaodhani kwamba maskini hana budi kuridhika na makombo. Shaba na kobalti ya ardhi yetu imo katika mashine za dunia nzima. Haiwezekani basi kwamba sisi peke yetu hatustahili mashine nzuri. Simtaki mtu wa Kapata ajinyime anachohitaji. Nataka asiuziwe asichohitaji.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Tena walisema, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Sisi wa Kapata hatuwezi kusingizia kwamba hatujui vyaundwa kwa nini.

Prosesa yenyewe ni ya silikoni. Lakini mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza namna ya kutengeneza nyaya ndogo za ndani ya chipi kwa shaba badala ya alumini, na njia hiyo ilienea. Na kompyuta ya kukunja haitembei bila betri. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba kobalti pamoja na lithiamu vyafaa kwa betri. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za namna hiyo. Mwaka 2019 Goodenough alipewa, pamoja na wengine wawili, tuzo ya Nobel ya kemia. Betri nyingine za leo hazina kobalti, hasa katika magari, lakini betri za simu na kompyuta kwa kawaida zinayo. Na zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani yatoka Kongo, sehemu kubwa katika jimbo letu la Lualaba.

Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch la Kongo, lilitoa taarifa juu ya wachimbaji wa mikono wa kusini mwa nchi. Iliwataja watoto waliokuwa wakiokota, wakiosha na kubeba mawe kwa saa hata 12 kwa siku, wakipata dola moja au mbili. Hatukuhitaji taarifa hiyo kujua nani huosha mawe Ziwa Malo. Na tarehe 27 Juni 2019, udongo ulipoporomoka katika machimbo ya KOV hapa Kolwezi, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa siku moja. Marehemu Papa Fransisko, alipohutubia Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, alisema kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa.

Mtu anapotupa kompyuta nzima kwa sababu ya prosesa ambayo haikuwa imeshindwa kazi, atupa na betri, na shaba, na jasho lililomo. Mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za umeme tani milioni 62, na hata robo yake haikukusanywa na kutengenezwa tena kwa utaratibu. Bei ya dukani haiandiki mambo hayo. Lakini sisi twayajua, na anayejua hawezi kuhesabu kama asiyejua.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza ni nzito: "Ukiwaambia watu wasinunue, wachimbaji wa Kapata watakula nini? Wakata tawi ulilolikalia." Najibu hivi. Bei ya mawe haishikwi na mwanafunzi mmoja wa Kolwezi. Katika miaka hii magari ya umeme yatumia kobalti nyingi kuliko simu na kompyuta zote. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, kobalti ikiwa nyingi kuliko mahitaji. Na tangu Oktoba mwaka huo iliweka kiasi maalumu kwa kila kampuni. Mambo hayo ndiyo yanayoinua na kushusha mfuko wa mchimbaji. Tena, haki anayodai mchimbaji ni malipo mazuri na kazi isiyomwua, wala si kwamba watu watupe vitu ovyo ili ashuke shimoni mara nyingi zaidi. Na mara nyingi mwenye kununua mashine hiyo ni mwana wa mchimbaji yule yule. Fedha iliyotoka shimoni kwa hatari yafaa itumike kwa akili.

Hoja ya pili: "Kompyuta zetu nyingi ni za mitumba kutoka Ulaya. Wazungu wasipobadili, sisi tutapata wapi?" Ni kweli kwamba mali iliyotumika imewafaa wengi hapa, na kuipokea si aibu. Lakini jambo hilo lathibitisha neno langu: mashine iliyoitwa dhaifu kule yafanya kazi huku miaka mingine mitano, katika mikono ya watu wenye kazi zile zile za barua na hesabu. Basi haikuwa dhaifu kwa kazi hizo.

Hoja ya tatu haisemwi wazi, nayo labda ndiyo yenye nguvu kuliko zote: heshima. Kijana aona haya kufungua mashine nene ya zamani mbele ya wenzake. Tusimcheke. Kutaka kuheshimiwa ni kwa kila mtu. Lakini mzazi amsaidie kuona kwamba haya hiyo ni jambo la macho ya watu, na prosesa haiiponyi. Mwaka ujao wenzake watakuwa na nyingine, na haya itarudi.

MASHAURI

Mzazi na mwana wakae pamoja, wasikasirikiane, wajibu maswali manne kwa utaratibu. Kazi yako ya kila siku ni ipi, si ile unayoiota? Mashine inapokawia, ni kitu gani kimejaa: prosesa, memori, diski, au ni intaneti? Je, chaweza kusafishwa, kutengenezwa au kubadilishwa chenyewe bila kutupa mashine nzima? Na fedha hiyo ikitoka, nani katika nyumba hii atakosa kitu, na kitu gani?

Majibu yakionyesha kwamba prosesa ndiyo kizuizi cha kazi ya kweli, nunueni bila majuto, hata kwa kujinyima. Yakionyesha kwamba ni usalama, tafuteni usalama kwa njia ya bei ndogo kwanza. Yakionyesha kwamba ni diski au vumbi, mwiteni fundi wa mtaa. Naye apate riziki yake. Na yakionyesha kwamba ni hamu tu, semeni wazi kuwa ni hamu. Kuwa na hamu si dhambi, na siku ambapo minervali ya wote imelipwa, hata hamu yaweza kupewa nafasi.

Wazazi, msikatae kabla ya kuuliza. Vijana, msiombe kabla ya kupima. Na wenye maduka ya kompyuta wanaosoma ukurasa huu nawasihi jambo moja: mteja akija, mwulizeni kwanza anafanya kazi gani, kisha ndipo mmwonyeshe bei.